Kikundi: Wajukuu wa Mkunazini

ALHAMISI

Zakia (20:04): Assalaam alaykum nyote. Nakumbusha mara ya tatu. Mwenye nyumba ya matembezi yetu, Bourton-on-the-Water kule Cotswolds, Uingereza, anataka arubuni KESHO. Vyumba vitatu, siku tatu, mwisho wa Mei watoto wakiwa likizo. Majina niliyonayo: mimi, Fatma, na nusu ya Ami Nassor.

Ami Nassor (20:06): Nusu ya juu. Ya chini ina goti.

Zakia (20:07): Goti lako nimelipigia hesabu Ami. Siku ya kwanza tunatoka Bourton kwa mguu mpaka Lower Slaughter, maili moja na ushei, tambarare. Tunapumzika. Kisha Upper Slaughter, kama maili moja tena, tunafuata mto. Hata mtoto wa miaka mitano anafika.

Ami Nassor (20:08): Slaughter? Machinjioni?

Rukia (20:08): 😂😂😂

Ami Nassor (20:09): Basi suala la nyama ya halali limekwisha.

Zakia (20:11): Wanasema ni Kiingereza cha kale, mahali pa matope. Kwa hiyo VIATU. Rukia usinijie na makubadhi.

Rukia (20:12): Makubadhi yangu yalikwenda Blackpool yakarudi. Kuna vilivyokwenda Blackpool havikurudi.

Fatma (20:12): Rukia.

Rukia (20:13): Nasema tu. Sufuria la kilo tano, la mamangu.

Zakia (20:13): Tusianze.

Rukia (20:14): Sijaanza miye. Aliyeanza anajijua, na gari aliendesha yeye.

Saidi (20:15): 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Zakia (20:16): Saidi nimeona umefuta. Unakwenda au huendi?

Fatma (20:22): Hicho kijiji cha Upper Slaughter nimekisoma. Vijana wao waliokwenda Vita vya Kwanza vya Dunia wote walirudi hai. Na vya Pili pia, wote.

Ami Nassor (20:23): Vita viwili wote wakarudi. Sisi Blackpool siku moja tu tukashindwa.

Rukia (20:23): 😂 Ami!

Zakia (20:25): ARUBUNI jamani. Siku ya pili, wenye nguvu tu: Chipping Campden mpaka Broadway, maili 6. Ni mwanzo wa ile njia ndefu ya Cotswold Way, maili 102 mpaka Bath. Sisi 6 zinatutosha. Kuna kilima, na juu kuna mnara. Hapo Campden lipo soko la mawe la 1627, halina kuta, nguzo na matao tu, sakafu imelika kwa miguu ya watu. Walikuwa wakiuzia siagi na jibini. Mji wote ulitajirika kwa sufu ya kondoo.

Ami Nassor (20:27): Darajani bila harufu ya samaki. Chakula?

Zakia (20:28): Tunabeba. Katlesi, mikate ya kumimina, chai kwenye chupa. Vijijini pa kula ni baa zaidi, na Shangazi hawezi kukaa baa.

Bi Shemsa (20:41): 🎤 Sauti 0:38

Fatma (20:44): Kwa walio kazini: Shangazi anauliza, mnapitaje mashambani kwa watu bila kupiga hodi? Na ng'ombe je?

Zakia (20:46): Shangazi shikamoo. Ni njia ya umma, sheria inaruhusu japo shamba ni la mtu. Unafuata mishale ya manjano kwenye nguzo, unafungua kigeti, unakifunga nyuma yako. Ng'ombe tunawapitia mbali, hasa mwenye ndama.

Bi Shemsa (20:58): 🎤 Sauti 1:12

Fatma (21:03): Naandika kama alivyosema. "Marahaba. Mimi kilima sipandi. Mtanikalisha hapo mtoni Bourton na tasbihi yangu, mkirudi mnikute. Lakini atakayekuja kunichukua Coventry ni Saidi. Kama haji yeye, sendi. Na kama mimi sendi, sijui nyinyi mnakwenda kufanya nini. Na hilo sufuria nisilisikie tena mpaka nife."

Ami Nassor (21:40): Haya.

Zakia (21:41): Sawa Shangazi. Tumesikia.

Saidi (22:17): Naam Shangazi.

Zakia (22:18): Saidi, naam nakuja au naam nimesikia?

Zakia (22:50): Tiki zote za buluu hizo.

IJUMAA

Zakia (07:30): Sabalkheri. Saidi?

Rukia (09:12): Mimi nitapanda treni. Paddington mpaka Moreton-in-Marsh, hapo nachukua basi. Sina ugomvi na mtu, ila gari moja hapana. Nimemstahi Shangazi, siongezi neno.

Ami Nassor (09:20): Umeongeza manne.

Fatma (12:05): Zakia, pale Bourton maji ya mto hayafiki magoti, watoto wacheze tu. Vidaraja vyake vya mawe ni vifupi, Shangazi ataweza kuvuka. Benchi zipo.

Zakia (12:07): Fatma wewe peke yako ndiye unayenijibu humu.

Zakia (16:55): Nimetoa arubuni ya vyumba viwili, pesa yangu. Cha tatu mwenyewe atakishika mpaka Jumatatu. Nirudishieni kila mtu kwa wakati wake, LAKINI wakati wenyewe uwe wiki hii.

Ami Nassor (17:30): Nani ana buti za kuazima, namba tisa?

Salim Muskati (23:48): Waalaykumu ssalaam. Nimefungua simu sasa hivi, ujumbe 212. Huku joto limeshaanza, mwenzenu Mei niko njiani inshallah. Nani anapika pilau?

Rukia (23:49): Kwa sufuria lipi?

Fatma (23:49): RUKIA.

Zakia (23:52): Salim, unakuja na mkeo au peke yako? Chumba kipi nikuandike?