Mjadala: Je, ukumbi wa gemu uwakataze wenye vipanya visivyo na waya?

Mwenye ukumbi, Tudor: Waungwana, salaam. Nina ukumbi mdogo wa gemu, kompyuta 10, na Jumamosi vijana hushindana Counter-Strike 2, gemu ya kupigana risasi, watano kwa watano. Juzi mechi imesimama mara 3. Mausi ya mmoja ilikuwa ikirukaruka, ya pili betri imekufa, na wa tatu alidai kaonewa tu. Nataka nibandike sheria mlangoni: siku ya mashindano ni waya peke yake. Nusu ya wateja wamefurahi, nusu wamenuna. Na hao wanaotaka kununua hawanipi raha: "Isiyo na waya haichelewi? Betri yakaa? Yafaa pesa hiyo?" Semeni basi, nisionekane nimeamua peke yangu.

Wa Kisauni: Bandika leo leo. Kipanya cha kulazwa kwenye chaja kama simu cha nini? Stima yenyewe hii yetu!

Wa Majengo: Pole pole, kaka. Hilo la kuchelewa lilikuwa kweli zamani. Kipanya cha ofisini kwa kawaida hupeleka habari kwa kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Cha gemu, kiwe na waya kisiwe nao, hupeleka mara 1000, kila milisekunde 1. Sasa skrini za hapo Tudor nazijua, ni za Hz 60, picha mpya huja kila baada ya milisekunde 16 na ushei. Hiyo milisekunde moja utaiona wapi? Wachezaji wengi wa kulipwa wa gemu hiyo hiyo wameacha waya, na gemu ndiyo mkate wao.

Tukicheza na watu wa nje ndiyo kabisa. Seva, zile kompyuta zinazoendesha gemu, ziko Johannesburg, Dubai, Mumbai. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, na bado risasi yako inasafiri bahari nzima kabla ya kumpata mtu. Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika, mausi ya waya ilimwokoa nani?

Ila kuna mtego mmoja. Vipanya vingi vina swichi tumboni ya kuchagua kipokezi cha USB, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, au Bluetooth. Bluetooth ni ya kuandikia barua. Kijana akiiacha huko halafu aje kulalamika, kosa ni lake.

Wa Kisauni: Na ile iliyokuwa ikirukaruka? Au nayo ni Mumbai?

Fundi, Digo Road: Hiyo niulizeni mimi. Yakhe, kompyuta zako umeziweka sakafuni, chini ya meza, na vipokezi vimechomekwa nyuma. Kati ya kipokezi na mkono wa mchezaji kuna bati la kompyuta, meza, na magoti ya mtu. Vipanya hivi hutumia masafa ya GHz 2.4, yale yale ya Wi-Fi ya kawaida, na vijana wako kila mmoja na simu yake imewashwa hotspoti. Juu ya hayo, matundu ya USB 3, mara nyingi yale ya rangi ya buluu, hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo. Si uganga, Intel wenyewe waliandika habari hiyo 2012. Kipokezi ukikichomeka ubavuni mwa flashi ya USB 3 inayonakili gemu, lazima kipanya kirukeruke.

Dawa yake ni waya mfupi wa kurefushia USB, kipokezi kipande juu ya meza, kikae shubiri moja kutoka kwa kipanya. Ndiyo, cheka, kipanya kisicho na waya kinataka waya.

Lakini mnaonunua mnaniuliza betri na DPI, yaani wepesi wa mshale kwenye skrini, swichi za vitufe vya kubonyeza hamuulizi. Vinavyoletwa mezani kwangu vingi havina ugonjwa wa betri. Vina ugonjwa wa kubonyeza mara moja kikajibu mara mbili, na ugonjwa huo haubagui waya. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vile vibati vya ndani ya swichi vikishika kutu ndiyo basi. Ukiweza, tafuta chenye swichi za mwanga, kama Razer Viper ya 2019 na baadhi ya vilivyokuja baadaye. Hizo hazitegemei bati kugusa bati. DPI 25,600 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kupambia boksi. Wewe mwenyewe utacheza kwa 800.

Dada wa Likoni: Mimi nina Logitech G305, inakula betri moja ya AA. Kampuni yadai saa 250, mie sijahesabu, najua tu nabadilisha mara chache na betri napata kioski chochote. Stima ikikatika hainihusu. Ubaya wake ni uzito, karibu gramu 99 na betri yake, hali ile Logitech Superlight ya 2020 haifiki 63. Mkono wangu ushazoea.

Kwa wanaonunua mtumba, msikubali kipanya bila kipokezi chake. Cha kwanza nilikiangusha kwenye feri, kile kidude ni kama ukucha, na kipanya kikabaki pambo. Tangu hapo nakitia ndani, mle mle penye betri, pana nafasi yake. Na wewe mwenye ukumbi, ukikataza visivyo na waya, mimi utaniazima ipi? Zile zako zinazonata?

Mwenye ukumbi, Tudor: Dadangu, hilo la kunata tungeongea pembeni. Haya. Jumamosi hii sheria siibandiki. Nimenunua nyaya 10 za kurefushia, kila meza wake, na Wi-Fi ya ukumbi naihamishia GHz 5. Simu hotspoti zizimwe mlangoni. Ila betri ikikufia katikati ya raundi, raundi hairudiwi, hata ulie.

Wa Kisauni: Na stima ikikatika?

Mwenye ukumbi, Tudor: Tutaenda kunywa madafu.