Yule jamaa wa spesi kagusa tena mafaili yangu, leo sivumilii

Wakuu, salamu baadaye. Yule mtu, mnamjua, simtaji, na najua humu anachungulia. Jana usiku kaingia kwenye kodi yangu ya programu, kila penye Tab, ile ya kusogeza mstari ndani, kaweka spesi nne, kapandisha, kaenda kulala. Hakugusa kingine hata koma. Asubuhi bosi anafungua git blame kwenye kikao, ile amri inayoonyesha nani kagusa mstari upi mara ya mwisho: karibu faili zima jina lake! Hadi ule mstari ulionitoa mvi. Bosi anampongeza, na yeye bila haya anajibu: "Tunajitahidi, bosi."

TUNAJITAHIDI! Yeye na nani?

Nikambana, eti PEP 8, ule mwongozo wa uandishi wa kodi, inataka spesi nne. Ndugu yangu, hiyo ni ya lugha ya Python, pale tunaandika lugha ya Go! gofmt yenyewe, chombo cha Go cha kupanga kodi, inapanga kwa Tab! Halafu "tunajitahidi".

mama_seva: "Tunajitahidi" 😂😂 Nimecheka hadi mtoto kaamka.

mzee_wa_zamu: Ungeandika git blame -w, spesi haihesabiwi, jina lako linarudi. Umeona bora uje kulia huku.

Mtoa mada: Sijaomba suluhisho, mzee. Kasema TUNAJITAHIDI. Mbele yangu. Kashika na kikombe cha chai.

Tabora_Moja: Na nyie wa Tab mna adabu gani? Nikifungua mafaili yenu kwenye terminali, lile dirisha la amri, kila Tab inakula nafasi ya herufi nane. Kodi inaanzia Dar inaishia Kigoma.

kijana_wa_bandari: Mpeni huyo wa spesi aandike Makefile, faili la maagizo ya Make, ile programu ya kujenga kodi. Make ni ya 1976 na mpaka leo inadai Tab, atajua hajui.

mama_seva: Na YAML, ile ya mafaili ya mipangilio? Tab moja tu inagoma. Mfumo umelala, wateja wanapiga simu, kosa lenyewe halionekani kwa macho!

Fundi_Mbagala: Afadhali yenu. Kwetu kuna mtu vigeuzi vyake kwenye kodi, yale majina ya kuhifadhia data, vyote ni a, aa, aaa. Ukimuuliza, anakwambia soma taratibu.

Mtoa mada: Jamani, turudi kwenye mada.

Binti_Kurasini: Kwetu kuna mwizi wa chapati. Analamba zote kwenye hotpoti, anakurudishia mfuniko vizuriii.

Fundi_Mbagala: Huyo namjua! Si wa ghorofa ya pili, miwani?

Binti_Kurasini: Wetu yuko ya tatu, hana miwani.

Fundi_Mbagala: Basi wako wawili.