Naomba ushauri: wagumu wameshaniamini, ila kamati ya kanisa inataka idadi. Nifanyeje?

Mtu wa Pasua
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi hapa Pasua, nina duka la spea za pikipiki, na kanisani natumika kwenye kamati ya uinjilisti. Mwaka jana nikapewa huduma ya wagumu, yani hawa vijana wanaobeba mizigo ya wageni mlima Kilimanjaro, maana Jumapili nyingi wako juu huko na hata wakishuka hawaonekani ibadani.

Nikawa nikifunga duka napitia kijiweni kwao. Siendi na spika wala vipeperushi, nakaa tu, nakunywa kahawa, nacheza drafti, nasikiliza. Mwanzoni nikifika stori zinakata, "mtumishi karibu", halafu kimya. Sasa ikaja masika, mnajua mwezi wa nne na wa tano wageni wanapungua sana na mgumu asipopanda hana hela, mmoja wao akaugua homa ya mapafu akalazwa hospitali ya Mawenzi, kwao Singida na hapa mjini hana ndugu hata mmoja, basi mimi na wenzake tukawa tunapokezana kumpelekea uji na kufuatilia dawa. Toka hapo wananiita kaka. Wananiambia madeni yao, mambo ya nyumbani, kuna mmoja kaniomba nimsindikize kwao Uru akaombe radhi kwa baba yake, hawajaongea muda mrefu. Na juzi wenyewe wameniomba niwatafutie mtu wa kuwafundisha Kiingereza kipindi hiki hawapandi, kwa sababu bila Kiingereza utabeba mabegi mpaka uzeeni, hutakaa uongoze wageni.

Shida iko kwenye kamati. Wanauliza wameokoka wangapi, wanaokuja ibadani wangapi. Kuna mzee wetu mmoja namheshimu sana, yeye anasema urafiki peke yake sio huduma, na kwamba darasa likianza basi kila siku litangulie neno nusu saa, asiyetaka neno asije darasani. Moyo wangu unakataa kabisa. Lakini na mimi Injili naiamini, sitaki nikae na watu miaka nimefunga mdomo. Nifanyeje, na kamati niwaambie nini?

Shuka Salama
Mangi pole na hongera. Mimi nimebeba miaka mingi, Machame na Marangu, saizi nafuga kuku. Nikwambie kitu, mgumu ni mtu anayepimwa kila mahali, getini mzigo unawekwa kwenye mizani usizidi kilo 20, juu anapimwa kasi, akishuka ndo anasubiri aone tipu imekatwa ngapi, sasa na wewe ukija na daftari la kuhesabu nani kaokoka atajua siku hiyohiyo. Darasa la lazima na neno watakuja, usishangae, wataitikia amina kwa sauti kabisa kwa sababu Kiingereza wanakitaka, mwezi wa sita wageni wakirudi hutamuona mtu.

Mimi aliyenivuta alikuja kwenye msiba wa mama yangu Kibosho. Alikuwa mwinjilisti kijana, hakupewa nafasi ya kuongea na wala hakuiomba, alishika jembe akachimba kaburi na vijana wenzake halafu akaosha masufuria na kina mama. Mimi ndo nilimtafuta baadae, na ilipita muda mrefu tu kabla sijamtafuta.

Halafu darasa usilianze bila kuongea na mkubwa wa kijiwe. Hata kama ni kijana mdogo kwako. Yeye akisema njooni watakuja.

Mama wa Sakina
Mwanangu mimi niko Arusha, nimekaa umoja wa wanawake kanisani siku nyingi. Unafanya vizuri, ila umakini kwenye hela. Ukiwa karibu na watu kipindi cha njaa utaombwa nauli, kodi, ada, na ukishakuwa unakopesha uhusiano unageuka, mtu ana deni lako anakukwepa barabarani. Bora muwasaidie kuanzisha kikundi chao cha kuweka akiba msimu wa wageni ili masika isiwakute mikono mitupu. Huko Uru nenda naye, tena mapema, ila msiende vijana watupu, tafuta mtu mzima wa kuongea na huyo baba. Na yule mama anayewauzia chakula hapo kijiweni umeshamsalimia vizuri? Huyo anajua nani hajala tangu jana.

Mjukuu wa Meru
Naomba nichangie kwa historia kidogo, huku kwetu kaskazini jambo hili tumeliona. Akeri, Meru, mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa muda mfupi tu baada ya kufika. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limepiga kambi karibu, na kwa wenyeji hao wote walikuwa kundi moja. Wangejuaje tofauti na hakuna aliyewahi kukaa nao?

Sasa angalia Bruno Gutmann, misheni hiyohiyo. Alifika Kilimanjaro 1902, baada ya vita ya kwanza ya dunia Wajerumani wakaondolewa, akarudi tena miaka ya 20, akakaa Old Moshi mpaka 1938. Alijifunza Kichaga, akakaa na wazee akiandika sheria na desturi zao, na akashikilia kwamba kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, vitu ambavyo watu walikuwa navyo tayari. Wapo wanaompinga kwa mengine na wana hoja, ila kwenye kukaa na watu hakuna wa kumfundisha. Kijiwe cha wagumu mimi nakiona ni rika la leo. Mwambie mzee hilo, wazee wetu wanaelewa rika.

Majengo Juu
Assalam alaykum, mimi Muislamu wa Majengo, naomba nisikilizwe kwa wema. Hapo kijiweni lazima wapo na wenzangu. Waambie wazi toka siku ya kwanza: mimi ni mtu wa kanisa, darasa ni la wote, hakuna anayelazimishwa kitu. Jirani yangu ni Mkristo wa kweli kweli, Ramadhani anakuja kufuturu kwangu, mwanangu alipopata ajali ndo aliyeendesha gari usiku. Ananiambia imani yake bila kuficha na mimi namwambia yangu. Sijawahi kujiona nategwa. Kinachouma ni mtu kukufanyia wema halafu baadae unagundua kulikuwa na sharti.

Katibu wa Mtaa
Nami niwatetee kamati, msiwaone wabaya. Zile ni sadaka za watu na lazima waulize. Ila ripoti sio lazima iwe idadi ya waliookoka tu. Andika: mgonjwa mmoja amehudumiwa, darasa limeombwa na vijana wenyewe, kijana mmoja anatafuta kupatana na mzazi, bila kutaja majina ya watu. Paulo aliwaambia Wathesalonike aliwapa na nafsi yake pamoja na Injili, barua ya kwanza sura ya pili pale, soma nao kwenye kikao. Halafu huyo mzee mchukue akakae kijiweni. Usibishane naye ofisini.

Mtu wa Pasua
Wakuu nawashukuru sana, nimesoma zote mara mbili. @Majengo Juu shukrani ya pekee, nimefanya hivo jana, nikawaambia mimi natoka kanisani na ninatamani mmjue Yesu, ila darasa halina sharti. Mmoja akasema kaka hilo tulikuwa tunalijua siku zote, tukacheka. Mkubwa wa kijiwe kapanga saa kumi na moja jioni, ubao wanatafuta wao.

Mzee nimemfuata nyumbani. Hajabadili msimamo, ila kakubali kuja Alhamisi, na nilipomtajia ukoo wa yule baba wa Uru akanyamaza, akasema huyo nilifanya naye kazi kiwanda cha sukari TPC, twende wote. Tunapanda Jumamosi.

Sasa nauliza, kuna mtu Moshi au Arusha ana vitabu vya Kiingereza cha kuanzia, hata vilivyotumika? Nauli ya kuvifuata ninayo.