Nimepata chumba kwa familia ya Kihindu huko Gujarat, India, nijiandaeje?

Mwana_Iringa
Wakuu habari za jioni. Nimepata chuo Vadodara, naondoka mwezi wa saba. Kaka aliyenitangulia kanitafutia chumba ghorofani kwa familia ya Kihindu, kodi nafuu. Sharti la mama mwenye nyumba: nyama, samaki na mayai visiingie ndani. Mimi ni Mkristo. Watataka nisali nao? Na hasa wanafuata nini, maana kila ninayemuuliza ananitajia mungu mwingine. Nawasilisha.

KisutuKwetu
Mkuu, hakuna atakayekubadili dini. Dini yao haina mwanzilishi mmoja wala kitabu kimoja cha kumbana kila mtu. Zipo Veda, zipo Upanishad, ipo Bhagavad Gita. Na nyumba hiyohiyo baba anamwomba Shiva, mama Krishna, na hawagombani. Wengi watakuambia Mungu ni mmoja, sura ndizo nyingi.
Kinachowabana ni dharma, wajibu wa mtu kwa umri na nafasi yake. Mwanafunzi asome na ajitunze. Mwenye familia atafute mali kwa haki. Akishaona wajukuu, aanze kuachia ya dunia. Mali na starehe si dhambi, mradi visivuke dharma. Mwisho wa safari ni moksha, kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa.

MamaChapati
Nimeishi Ahmedabad, hukohuko Gujarat. Mdogo wangu, chunga jiko! Viatu mlangoni, jikoni usiingie bila kuitwa. Ukionja kwa kijiko kisirudi chunguni. Maji ya jagi mimina mdomoni kwa juu, usiguse. Prasad, chakula kilichotolewa kwa mungu kisha kikagawiwa, pokea kwa mkono wa kulia. Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi wao, wengi hawagusi nafaka, kwa hiyo mama akila viazi na karanga usidhani kaishiwa. Sikukuu ya Navratri ikifika, usiku 9 mfululizo, nenda kacheze garba, ngoma yao ya duara. Vadodara wanaijua hasa.

Ngosha77
Na bia?

MamaChapati
Marufuku jimboni tangu lilipoundwa 1960. Mgeni hadi awe na kibali.

Mtu_wa_Pwani
Msimtishe kijana. Mimi nilisoma Kolkata, mashariki mwa India, Wahindu wa kule bila samaki hawajala. Hizo ni taratibu za nyumba hiyo na jimbo hilo. Ila mbona mmeruka la tabaka, daraja la mtu kwa kuzaliwa? Katiba ya India ya 1950 ilifuta kuwatenga watu wa tabaka la chini kama najisi, lakini wapo wenye nyumba wanaouliza jina la ukoo, wajue tabaka, kabla ya kodi. Wakikutengea vyombo, uliza kwanza. Huenda ni sababu ya nyama, huenda ni rangi yako. Ikiwa ni rangi, hama, usibembeleze.

Mwana_Iringa
Shukrani wakuu. Mayai nikila nje nikarudi, kuna shida?

MamaChapati
Kula, sukutua, panda juu. Hata vijana wao ndivyo wanavyofanya.