Shanga za mmea wa kuning'inia zinaoza karibu na udongo

kibaraza_dar
Wakuu, nina ule mmea wa kuning'inia wenye majani ya duara kama shanga, Curio rowleyanus. Chungu ni cha plastiki, kina chake sentimita 20, udongo mweusi na samadi. Namwagilia kila baada ya siku mbili. Nyuzi za chini ni nzima, ila za juu zimelegea na kudondoka. Niongeze mbolea?

mzee_wa_vyungu
Mbolea hapana, tatizo ni maji. Shanga yenye kiu hunywea na kukunjamana. Iliyooza huwa laini na hupitisha mwanga. Zako zimeoza.

Asili yake ni maeneo makavu ya Afrika Kusini, hutambaa juu ya ardhi na mizizi haiendi mbali. Kwenye chungu kirefu, udongo wa chini haufikiwi na mizizi, hivyo unabaki na maji. Tafuta chungu cha udongo wa mfinyanzi, kina chake sentimita 10 hivi, chenye tundu. Changanya kwa mafungu sawa: udongo wa bustani, mchanga mkubwa wa mto na changarawe ndogo. Mchanga wa baharini una chumvi, achana nao. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha subiri udongo ukauke kabisa.

Bi_Maua
Nyongeza: jaza udongo mpaka sentimita 1 tu chini ya ukingo. Ukiwa chini zaidi, sehemu ya juu inakosa mwanga na hewa, na hapo ndipo kuoza huanzia. Na msiweke tabaka la kokoto chini ya chungu. Halisaidii maji kutoka, linapunguza nafasi ya mizizi tu.

Okoa nyuzi nzima: kata vipande vya sentimita 10, viache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kisha vizungushe juu ya udongo na kuvibana kwa vibanio vya nywele. Usizike shanga. Lowesha juu kidogo kidogo; mizizi hutoka kwenye vifundo baada ya wiki kadhaa.

kibaraza_dar
Asante. Na jua je?

mzee_wa_vyungu
La asubuhi, mpaka saa nne hivi. La mchana huunguza. Tazama ule mstari mwangavu kwenye kila shanga, ndiko mwanga unakoingilia. Ukianza kujifunga, mwagilia. Wakati wa masika kiweke mahali mvua haifiki.

Bi_Maua
Kagua pia vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga. Wafute kwa pamba yenye spiriti. Na kining'inize juu: mmea huu una sumu, paka na watoto wasiufikie.