Mkataba unasema "kusindikiza wateja": ni tofauti na ukahaba au ni jina tu?

BintiWaKwanza:
Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu wa kike, ana miaka 26, anasoma ughaibuni. Juzi kanitumia picha ya mkataba wa kazi ya jioni, wenyewe wanaiita eskoti. Anasema ni kumsindikiza mteja kwenye chakula au hafla na kuzungumza naye, basi. Kilichonishtua ni kifungu kimoja: "Mteja analipia muda tu. Lolote litakalotokea kati ya watu wazima wawili ni hiari yao." Kama kazi ni kula na kuzungumza, hilo "lolote" limetoka wapi? Anayejua anieleweshe, mpaka kati ya kazi hii na ukahaba uko wapi? Tafadhali msimtukane mdogo wangu.

Kisima:
Usijisumbue dada. Wa barabarani na wa hotelini wanatofautiana bei tu.

Mkalimani:
Dada, pole na wasiwasi. Mimi ni mkalimani wa mahakamani, na kifungu kama hicho nimeshakitafsiri zaidi ya mara moja.

Kuna binti alifika na mkataba wake kwenye faili la plastiki, kaukumbatia kama cheti cha kuzaliwa. Mwendesha mashtaka aliutazama, akauweka kando, akafungua simu. Nikapewa nitafsiri meseji mbili kati ya binti na dada wa ofisini aliyekuwa akimpangia wateja. "Ya ziada kakubali?" "Kakubali, kaongeza mia mbili." Mkataba haukuguswa tena siku ile.

Sheria haiulizi kazi inaitwaje. Inauliza pesa ililipiwa nini. Kulipwa ili ukae na mtu mezani si ukahaba. Pale mnapokubaliana pesa kwa ngono, hata kwa mafumbo, neno eskoti halikuokoi, na katika majimbo mengi ya Marekani makubaliano peke yake yanatosha kuwa kosa. Las Vegas inachanganya wengi: ofisi za eskoti zinapewa leseni, lakini ukahaba pale ni marufuku. Madanguro halali ya Nevada, jimbo lenye Las Vegas, yako kwenye kaunti nyingine.

Uingereza mtu mzima anayeuza ngono mwenyewe, ndani, havunji sheria. Kosa ni kusimama barabarani kutafuta wateja, kuendesha danguro, au kuwasimamia wengine ili upate faida. Kwa hiyo ofisi inaweza kushtakiwa na binti asishtakiwe. Sweden tangu 1999, na Ufaransa tangu 2016, anayeadhibiwa ni mnunuzi. New Zealand waliiondoa kwenye makosa ya jinai mwaka 2003.

Ndugu Kisima, si bei tu. Wa barabarani anaamua kwenye dirisha la gari, kwa sekunde chache, gizani. Wa miadi anaweza kuomba jina, kuuliza wenzake kuhusu huyo mtu, kumwachia rafiki anwani, kukataa akiwa bado kwake. Hiyo inaweza kuokoa uhai, siidharau. Ila sheria nyingi haziipimi.

Na kifungu hicho, dada, kimeandikwa kumlinda mwenye ofisi. Kukiwa na tatizo atasema yeye aliuza muda tu, mengine ni ya binti.

BintiWaKwanza:
Asante sana kaka. Na hii visa yake ya masomo?

Mkalimani:
Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Hata New Zealand, mwenye visa ya muda haruhusiwi kufanya kazi ya ngono. Marekani, uhamiaji wanaweza kumzuia mtu kwa sababu ya ukahaba hata kama hakuna mahakama iliyomhukumu. Amwone mwanasheria wa uhamiaji wa huko huko kabla hajasaini.

Zawadi77:
Nimeifanya kazi hii miaka minne, ngoja niseme. Wateja wa kuzungumza tu wapo kweli. Nilikuwa na mzee mjane, kila mwezi tunakwenda kusikiliza muziki, ananirudisha hadi kwenye teksi, ananishukuru. Lakini ukipangiwa saa moja, chumba cha hoteli, saa sita usiku, hapo hakuna chakula, na ofisi inajua vizuri. Kazi yangu siionei aibu. Kilichoniumiza ni kuambiwa niko huru kukataa, kisha nikikataa nakatwa pesa. Muulize mdogo wako jambo moja: akimkataa mteja mlangoni, anatozwa? Akishatozwa, hiyo "hiari yao" si yake.

BintiWaKwanza:
Nimempigia sasa hivi, tumeusoma pamoja. Ukurasa wa tatu kuna faini ya kughairi, nusu ya malipo ya mteja, "kwa sababu yoyote ile". Alikuwa hajafika huko. Kanyamaza kidogo, halafu kaniuliza kama huyo dada wa miaka minne anaweza kuzungumza naye. Zawadi, utakubali?

Zawadi77:
Mwambie anitumie ujumbe humu. Niko macho mpaka usiku.