Milingi ya mezani ya mtumba: kufufua mota yake, kufunga ya fazi tatu, au ya cherehani?

SpanaKumiNaTatu
Wakuu, habari za kazi. Mashine ni milingi (ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka) aina ya RF-30 ya nguzo ya mviringo, spindo (mhimili unaoshika kisu) yenye tundu la aina ya R8, mtumba wa Marekani. Kibati cha mota: fazi moja, 110/220 V, 60 Hz, hp 1.5. Ukiwasha inanguruma tu, haizunguki. Meza imeshika kutu, skrubu ya X (inayosogeza meza kushoto na kulia) ina mchezo wa mm 0.6, na geji ya saa (kipimo cha sindano) ndani ya tundu la spindo inacheza mm 0.06. Umeme ni huu wa nyumbani, 230 V. Kati ya kufufua mota hiyo, kufunga ya fazi tatu yenye inveta (siyo inveta ya betri, ile ya kuendesha mota), au mota ya cherehani ya kiwandani, mngefunga ipi?

Dada_Waya
Kwanza hakikisha mota haijafungwa kwa 110 V. Fungua kisanduku chake, mchoro wa kuunganisha 220 V mara nyingi uko nyuma ya kifuniko.

Halafu toa mkanda, zungusha puli kwa mkono, washa sekunde moja. Ikishika mwendo upande wowote unaoisukumia, koili ya kazi ni nzima. Mbovu ni kapasita ya kuanzia, au swichi ya ndani inayokatika mota ikishika kasi, na wakati mwingine koili yenyewe ya kuanzia. Tumia rezista ya kilo-ohm 10 kumaliza chaji ya kapasita kabla ya kuigusa. Nunua yenye mikrofaradi zilezile zilizoandikwa juu yake. Kwa mota ya ukubwa huu huwa mia na kitu hadi mia mbili na kitu. Wengi wanaharibu hapa: wanachomeka kapasita ndogo ya feni au ya pampu, mota inaendelea kunguruma, wanaamua imeungua.

Ila hiyo 60 Hz ndiyo shida yenyewe. Kwenye 50 Hz inazunguka kama 1,420 kwa dakika badala ya 1,720, na chuma cha ndani kinabeba sumaku zaidi ya kilivyopangiwa, kwa hiyo inapata moto hata bila kazi. Kwa kutoboa mara mojamoja sawa. Kusawazisha chuma saa nzima, hapana.

Mkerezaji
Naunga mkono, na mimi ningeenda fazi tatu moja kwa moja. Mota ya kW 1.1, poli nne (yaani ya mizunguko kama 1,400 kwa dakika), kibati kiandikwe 230/400 V. Inveta iwe ya kuingiza fazi moja 230 V na kutoa fazi tatu 230 V.

Hapo kwenye 230/400 ndipo watu wanapoteleza. Mota inatoka dukani imefungwa nyota (muunganisho wa koili wa 400 V), vipande vya shaba ndani ya kisanduku vimelala mstari mmoja vikiunganisha W2, U2 na V2. Kwa inveta hii lazima iwe delta (muunganisho wa 230 V), vipande hivyo visimame: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Ukiiacha nyota itazunguka vizuri bila mzigo, ukigusa chuma inazimika, na lawama zote zinaangukia inveta.

Kwenye mipangilio ya inveta ingiza ampea za kibati cha mota (kama 4.5 kwa delta), kupanda kasi sekunde 3, kushuka sekunde 5. Ukiweka kushuka nusu sekunde, inveta inajizima kwa volti kuzidi. Usiweke swichi yoyote kati ya inveta na mota. Kuwasha na kuzima kupitie waya ndogo za amri za inveta yenyewe. Na usitupe ngazi za puli! Chini ya 20 Hz feni ya mota haipozi kitu na nguvu inapungua, kwa hiyo kasi ndogo itoke kwenye mkanda. Kupandisha hadi 60 Hz kunakurudishia kasi zilizoandikwa kwenye kifuniko.

Puli: shafti ya mota hiyo, ya fremu 90 (namba ya ukubwa wa umbo la mota), ni mm 24, kabari mm 8. Puli ya zamani itabidi ipanuliwe kwenye leti. Pima kwanza unene wa ngazi ndogo kuliko zote. Chuma kikibaki chembamba, shuka hadi fremu 80 yenye shafti ya mm 19 na kW 0.75. Utakata polepole zaidi, basi.

Kapi_na_Mkanda
Mota ya cherehani ni ya mashine ndogo, zile za kilo 50 au 60. Wati 550 au 750 hizo inazipata kwenye kasi kubwa. Ukiishusha haina kifua cha kusukuma kisu cha mm 16 kwenye RF-30. Na pedali ina kihisi cha sumaku ndani, itabidi uibadilishie kitasa. Rahisi kununua, lakini siyo kwa kazi hii.

GejiYaSaa
Mnabishania mota, na spindo inacheza 0.06. Safisha tundu kwa kitambaa na mafuta ya taa, pitisha kidole kwenye mdomo wa tundu utafute makovu, pima tena. Kisha inua spindo kwa kipande cha mbao: sindano ikisogea, beringi zimelegea, kaza nati kidogokidogo. Sindano ikipanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko, tundu limepinda au limelika. Ikirukaruka ovyo, beringi zimechubuka, badilisha zote mbili kwa namba zilizochongwa kwenye ringi. Baada ya kukaza, endesha nusu saa kwenye kasi ya kati. Kama huwezi kushikilia kiganja penye beringi, umekaza mno. Grisi ijaze theluthi tu.

SpanaKumiNaTatu
Asanteni. Sindano inaruka ovyo, kwa hiyo beringi kwanza, halafu fazi tatu. Kutu je? Siki, au kuloweka kwenye maji ya magadi na kupitisha umeme wa chaja?

Dada_Waya
Siki ikilala usiku kucha inaacha chuma cha kumwaga (kile cha kalibu, kama cha meza) cheusi na laini juu. Magadi ya kupikia maharage yanafaa, vijiko vinne vya chakula kwa lita 20 za maji, chaja ya volti 12. Kipande chenye kutu kwenye hasi, nondo chakavu kwenye chanya. Usitumie chuma cha pua kwenye chanya, kinatoa sumu ya kromu ndani ya maji. Fanyia nje, ile gesi inawaka. Springi na vitu vya alumini visiingie. Meza yenyewe haihitaji beseni: dizeli na jiwe la kunolea lililolala bapa, usibonyeze.

Mkerezaji
Na huo mchezo wa 0.6 wa skrubu ya X: nati nyingi za skrubu ya meza zina mkato na skrubu za kubana. Bana meza ikiwa mwisho wa reli, siyo katikati. Katikati skrubu imelika, ukibania pale itakwama pembeni. Ukibaki na 0.15 acha, na ukate kisu kikipingana na mwendo wa meza.